Mpe Bibi Simu

Binti alikuwa na miaka 13, darasa la sita, na kwa miaka miwili alikuwa akimeza fenobabito kila usiku kwa ajili ya kifafa. Bibi yake alimleta kwangu siku ya kliniki kwa sababu mwalimu alimwita akamwambia mtoto anasinzia darasani na ameshika mkia kwenye mtihani. Na kuanguka bado anaanguka. Mimi nilikuwa nimeshaamua kumwongezea dawa ya pili, kabamazepini. Nilimpigia daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam, anithibitishie dozi tu.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Nani alimwona akianguka?"

Nikamsomea faili: degedege la mwili mzima, mara nane ndani ya miaka miwili.

"Faili halina macho. Aliyeona yuko hapo?"

Bibi alikuwa kwenye benchi mlangoni, kikapu mapajani.

"Mpe bibi simu."

Nikaweka spika. Bingwa akamwamkia, bibi akaitikia "marahaba baba," kisha akaulizwa mara ya mwisho mjukuu wake alikuwa akifanya nini. Alikuwa kwenye foleni ya maji, bombani, asubuhi, hajatia kitu tumboni. Na mara ya kabla ya hiyo? Mstarini shuleni. Kabla ya hapo? Kanisani, watu wamesimama kusikiliza Injili. Amewahi kuanguka akiwa amekaa? Hapana, baba. Amelala? Hapana. Anasemaje kabla? "Anasema, bibi naona giza, masikio yanavuma. Midomo inakuwa kama majivu. Jasho linamtoka hata kukiwa na baridi." Akiwa chini anakakamaa? "Mikono inashtukashtuka kidogo." Kwa muda gani? Bibi alifikiri. "Ukianza Baba Yetu, hujafika kwenye mkate wetu, ameshafumbua macho." Na akifumbua macho anasemaje?

"Anauliza ndoo yake iko wapi."

Nilikuwa nimemhudumia yule bibi mara mbili kabla ya siku hiyo, na sikuwahi kumuuliza hata moja kati ya maswali hayo. Mtu anayetoka kwenye kifafa cha mwili mzima haulizi ndoo. Anaamka amechanganyikiwa, hamtambui aliye mbele yake, anataka kulala, na hali hiyo huchukua dakika nyingi. Binti alikuwa anazirai. Damu inapungua kichwani akisimama muda mrefu, anaanguka, damu inarudi, anaamka. Ile mishtuko midogo ya mikono huwapata wengi wanaozirai, na ndiyo iliyomwandikia kifafa kwenye cheti.

Bingwa hakuishia hapo. Alinituma nipime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama dakika tatu, nisikilize moyo, nipime damu, niulize kama kuna kijana katika ukoo aliyefariki ghafla, na kama mtoto amewahi kuanguka akikimbia, maana anayezimia katikati ya mbio ni wa kuchunguzwa moyo bila kuchelewa. Nilimpiga kipimo cha umeme wa moyo nikamtumia picha ya karatasi. Moyo ulikuwa salama. Damu ilikuwa gramu 8.6, yaani pungufu. Tukampa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, tukamfundisha kuchuchumaa mara masikio yanapoanza kuvuma. Fenobabito haikatwi ghafla. Kuikata ghafla kwenyewe kunaweza kuleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa. Tuliishusha robo kidonge kwa robo kidonge, miezi mitano.

Mimi si bingwa wa chochote. Ni daktari wa watu wote katika hospitali moja ya wilaya huku nyanda za juu kusini: asubuhi nampasua mjamzito, mchana naona kisukari, jioni naitwa kwa aliyeanguka na pikipiki. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, na mabingwa wa mishipa ya fahamu nchi nzima ni wa kuhesabika. Kwa hiyo mwenye kifafa, mwenye kiharusi, mwenye miguu iliyokufa ganzi, wote hao ni wagonjwa wangu. Namba ya bingwa nilipewa na mtu niliyesoma naye. Mwanzoni nilipiga kwa kuvizia, nikiomba radhi. Baadaye tukakubaliana: Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, na wakati wowote kwa mgonjwa asiyeweza kusubiri.

Nilidhani ninachokwenda kuchota kwake ni majibu. Ukweli, miezi ya kwanza karibu kila simu aliikata akanirudisha wodini. "Rudi, ukamtazame akitembea, kisha unipigie." Nilimtoa mzee kitandani, nikamtembeza koridoni hadi dirisha la famasi na kurudi, nikaona kitu ambacho kitandani hakikuonekana: hatua fupi za kuburuta, mkono wa kulia haubembei, na kugeuka kwake kama mtu aliyebeba meza. Ni dalili za ugonjwa wa Parkinson, na siku mbili nilikuwa nikimwita mzee huyo "udhaifu wa uzee."

Kingine alichonikazania ni mwendo wa ugonjwa. Kabla hujaniambia mguu upi, niambie ulianzaje. Kilichomkuta mtu akifunga kamba za viatu, ukitafute kwanza kwenye mshipa wa damu. Kilichopanda kwa siku au wiki, fikiria maambukizi, au mwili unaojishambulia wenyewe. Kilichonyemelea kwa miezi, kuna kitu kinakua au kinabana. Sasa mgonjwa akiniambia "ilianza tu," simwachi. Ulikuwa wapi? Umeshika nini? Ulimaliza kazi uliyokuwa ukiifanya? Watu hukumbuka vizuri sana wakikumbushwa mahali walipokuwa.

Na kuna siku simu yenyewe ilikuwa kipimo. Kijana wa bodaboda, miaka 24, aliletwa akibebwa na wenzake wawili. Wiki mbili nyuma alikuwa ameharisha vibaya, akapona. Kisha vidole vya miguu vikaanza kuwashawasha na kufa ganzi, siku ya pili miguu ikawa mizito, siku ya nne hawezi kusimama. Niligonga magoti kwa nyundo: kimya. Vifundo vya miguu: kimya. Kifaa cha kidoleni kilisoma oksijeni 97, na mimi nikajipa moyo kwamba muda tunao, tutamsafirisha kesho na gari la asubuhi.

"Weka spika," bingwa akasema. "Mwambie avute pumzi yote anayoweza, halafu ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine."

Moja, mbili, tatu. Wodi nzima ilinyamaza. Alifika 19, sauti ikafa.

"Rudia baada ya saa mbili."

Baada ya saa mbili alifika 14.

Mtu mzima mwenye afya hufika 40 na kuendelea. Akishindwa kuvuka 20, misuli ya kupumulia imeanza kuchoka. Oksijeni huwa haishuki hadi misuli hiyo imekwisha kabisa, na ukingoja kidole kikwambie, kitakwambia wakati umeshachelewa. Ugonjwa ule ni wa Guillain na Barré: kinga ya mwili, baada ya maambukizi kama ya kuhara, huigeukia mishipa ya fahamu na kuanza kuila kutoka miguuni kwenda juu. Tulimtoa usiku ule ule, na muuguzi pembeni yake amebeba mfuko wa kupumulisha kwa mkono. Alipofika hospitali ya rufaa alihesabu 9. Asubuhi walimweka kwenye mashine ya kupumua. Alikaa huko wiki tano, na mwezi wa nne alikuja kutusalimia akitembea na fimbo. Nilimwomba ahesabu. Alifika 38, akacheka, akaomba arudie.

Nimesimulia hilo kwa furaha. Hili la pili silipendi, ila bila hili ningekuwa nadanganya.

Mama wa miaka 34 alikuja na kichwa kilichouma wiki tatu. Zamu ilikuwa nzito. Nilipiga simu, nikatoa taarifa haraka kama mtu anayesoma orodha ya soko. Homa? Hana. Shingo? Laini. Virusi vya UKIMWI? Hana. Macho? Sawa. Bingwa akasema, kwa picha hiyo, mpe dawa za maumivu, mweleze dalili za hatari, arudi baada ya wiki mbili. Alirudi siku ya nane, akiongozwa mkono na dada yake. Anaona vitu viwili viwili. Jina la mtoto wake wa mwisho lilikuwa limempotea.

Nikayafungua yale maneno yangu moja baada ya jingine. "Hana virusi" ilitoka kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito ya miaka mitatu nyuma, sikumpima upya. Tulipompima, alikuwa navyo. "Shingo laini" ilikuwa kweli, lakini kwa mwenye kinga iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo ya fangasi wanaoitwa kriptokokasi inaweza kutambaa wiki nyingi bila homa na bila shingo ngumu. Na "macho sawa" ilimaanisha nimemulika tochi, mboni zikasinyaa. Yeye, kule Dar es Salaam, alielewa kwamba nimechungulia ndani ya jicho. Sikuchungulia. Kifaa kilikuwa kwenye droo ya kliniki ya macho, betri zimevuja kutu.

Hospitali ya rufaa walipotoa maji ya uti wa mgongo, yalipanda hadi kileleni mwa mrija wa kupimia. Walimtoa maji kila siku kupunguza msukumo kichwani, wakampa amfoterisini pamoja na dawa nyingine za fangasi. Aliishi. Macho hayakurudi. Nimekwenda nyumbani kwake mara mbili. Anasonga ugali kwa kusikiliza mwiko, na mtoto yule wa mwisho ndiye anayemshika mkono kwenda uani.

Bingwa alinipigia mwenyewe jioni ile. Sikuwa na la kusema. Akasema: "Na mimi nilikosa. Ulisema sawa, sikukuuliza uliangalia kwa kitu gani."

Tangu siku hiyo neno "sawa" limefutwa kati yetu. Husemi macho sawa. Unasema: nimemulika tochi, mboni zinasinyaa zote mbili, ndani ya jicho sijaangalia. Husemi nguvu sawa. Unasema: amesimama kwa visigino, kwa vidole ameshindwa. Husemi hana virusi. Unasema: amepimwa lini, na nani ameona karatasi. Na kila simu inapoisha, aliyepiga anaandika mistari miwili au mitatu, alichoeleza na alichoambiwa, anamtumia bingwa, na bingwa akikuta tumeelewana vibaya anarekebisha papo hapo. Karatasi hiyo inaingia kwenye faili la mgonjwa. Mara ya kwanza tu kufanya hivyo tuligundua nimeandika miligramu 200 mara mbili kwa siku, yeye alisema mara moja.

Kifaa cha kuchungulia jicho nilinunua changu, kwa mshahara wa mwezi uliokuwa na mipango mingine. Nilijifunzia kwa wauguzi wa zamu ya usiku, wakinivumilia. Chumba kiwe na giza. Mgonjwa akodolee kona ya mbali ya dari. Jicho langu la kulia kwa jicho lake la kulia, la kushoto kwa la kushoto, na unasogea karibu mpaka mnasikiana pumzi. Kwanza unaona wekundu tu. Kisha mshipa mmoja wa damu. Unaufuata kama mtu anayefuata kijito kurudi kwenye chemchemi, na mwisho wake unakuta duara lililopauka, rangi kama ya chungwa, kingo zake zimekatika vizuri kama za sarafu. Kingo zikiwa zimefifia, duara limevimba, mishipa imetuna, basi ndani ya fuvu kuna msukumo, na mgonjwa huyo harudi nyumbani na dawa za maumivu. Ilinichukua karibu wiki sita kuliona duara hilo kwa uhakika. Shuleni nilifundishwa kwa picha ukutani.

Simu za dawa ni fupi, ingawa ndizo nyingi. Mama aliyewekewa kijiti cha uzazi wa mpango, anatumia kabamazepini, akapata mimba akidhani mungu amemdhihaki: kabamazepini inalifanya ini livunje homoni za kijiti haraka, kijiti kinabaki jina. Dawa hiyo hiyo inapunguza kwenye damu dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa hiyo anayeitumia ama anabadilishiwa dawa ya kifafa, ama anameza dolutegraviri mara mbili kwa siku. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kwa binti anayeweza kupata mimba, hapana, ikiwa kuna njia nyingine. Inaharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tangu wiki za mwanzo kabisa, mama hajajua kama ana mimba. Na kwa huku kwetu tunakofuga nguruwe, mtu mzima aliyeanza degedege ukubwani huulizwa nyumbani kwao nguruwe wanafungiwa au wanazurura, na choo kikoje. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa kwa maji au mboga iliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu, viluwiluwi huenda kujificha kwenye ubongo. Niliwahi kutaka kumpa mgonjwa wa namna hiyo albendazole, dawa ya minyoo, siku ile ile. Bingwa alinizuia: viluwiluwi wakifa kwa pamoja ubongo huvimba. Kwanza dawa ya degedege, kisha kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, na jicho likaguliwe, halafu tuongee kuhusu kuwaua.

Kuna mengine hayapigiwi simu kabisa, na ni lazima niyaseme kwa sababu nimemwona kijana wa mafunzo akitafuta mtandao huku mtoto anatetemeka. Degedege lililovuka dakika tano linapewa dayazepamu, njia ya hewa inalindwa, sukari inapimwa. Mjamzito mwenye degedege anapewa magnesi. Aliyepooza upande mmoja saa moja iliyopita anapandishwa gari la wagonjwa kwenda penye CT, na kama ni lazima kuongea, mnaongea gari likiwa barabarani.

Lililobaki moyoni ni hili. Bingwa wangu amepokea simu zangu akiwa msibani. Amepokea akiwa likizo, akiwa sokoni, nimewasikia wauza nyanya nyuma yake. Halipwi hata senti kwa saa hizo, na hakuna ratiba yoyote inayozitambua. Uingereza, daktari wa familia anaweza kumwomba bingwa ushauri kabla ya kuandika rufaa, ndani ya mfumo wenyewe wa NHS, huduma ya afya ya taifa, na jibu linahifadhiwa. Sisi tunategemea wema wa mtu mmoja. Mwaka jana aliugua, simu ikawa haipatikani kwa wiki tatu, na kwenye daftari langu kulikuwa na wagonjwa watano wanasubiri Jumanne isiyofika. Wawili niliwapa rufaa kwa sababu tu sikuwa na wa kumuuliza. Mmoja kati yao aliuza mbuzi wake watatu kupata nauli na malazi, akaenda kuambiwa maneno ambayo kwa simu yangechukua dakika kumi. Nimemwandikia mganga mkuu wa wilaya, na nimekwenda ofisini kwake mara tatu. Ninachoomba ni kidogo: saa mbili kwa wiki ziandikwe kwenye ratiba ya bingwa kama kazi, bingwa wa pili wa kumshikia zamu, na simu ya wodi isiyotegemea vocha yangu.

Simu ya wodi imepatikana. Ipo kwenye meza ya muuguzi mkuu, imefungwa kwa mnyororo, na pembeni yake daftari lililofungwa kwa kamba, nyundo, na kile kifaa changu cha macho. Betri mpya zinabadilishwa kila mwezi na kusainiwa. Wiki iliyopita nilirudi kutoka mapumziko nikalisoma daftari. Tabibu kijana, miezi minne tangu aanze kazi kwetu, alikuwa amempigia bingwa kuhusu mwanamume mwenye kichwa kinachouma zaidi alfajiri. Hati yake ni mbaya, lakini mstari wa tano ulisomeka: "Ndani ya jicho: nimejaribu mara mbili kila upande, chumba giza, sikuliona duara. Sijui likoje." Na chini yake, kwa kalamu nyingine: "Ameshauri tusisubiri. Gari limeondoka saa 11:40 jioni."